Kebo ya Dume-Dume

Chef wa service, mkuu wetu katika kampuni ya umeme, aliniita sebuleni kwake, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaniomba nimtengenezee kebo ya dume-dume, nami nikakubali. Sikusema ngoja nifikirie. Sikusema kebo hiyo inaua watu. Nilisema, "Oui, Chef, hakuna shida," na kesho yake nikaipeleka, nimeikunja vizuri na kuifunga kwa tepu nyeusi kama zawadi ya arusi.

Naanza hapo, ingawa ninyi vijana wa brigedi ya laini mliponiaga nilipostaafu mliniomba kitu kingine. Mlinipa kiti cha plastiki na kofia, mkataka niwaandikie ukurasa wa kubandika mlangoni mwa ofisi: jinsi familia inavyopaswa kujiandaa kwa mvua ya upepo na majuma ya giza yanayoifuata. Mlitaka kitu kitamu cha mzee, chenye methali. Sina methali. Nina hasira, na sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, lakini msijali, inayobaki inawatosha wengi.

Kwa yule aliyeanza kazi juzi nieleze. Kebo ya kawaida ina dume upande mmoja na jike upande mwingine. Dume linaingia ukutani, jike linapokea chombo. Ile ambayo waliosoma huiita mâle-mâle, na mtaani ni dume-dume, ina dume pande zote mbili. Ncha moja unaichomeka kwenye groupe, yaani jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka kwa mlango wa nyuma. Watu wanaona ni werevu mkubwa. Lakini waya za nyumba haziishii ukutani. Kama disjoncteur, ile swichi kubwa iliyo karibu na mita, haijateremshwa, umeme wa groupe unatoka nje, unafuata waya, unafika kwenye nguzo. Na baada ya mvua ya upepo, kwenye nguzo kuna mtu.

Mimi ni mtoto wa mto, wa Yanonge. Baba alikuwa mvuvi. Nilimaliza sekondari ya ufundi nikiwa na cheti na bila kazi, nikaja Kisangani kukaa kwa dada yangu mkubwa, Yaya Véro. Alikuwa ameolewa na Ramazani, fundi wa laini, mtu wa familia za Kiislamu za zamani za mji huu. Yaya alibadili dini akaitwa Zaituni, ila kwangu alibaki Yaya Véro. Mama yetu alikufa nikiwa mdogo. Yaya ndiye aliyeninunulia kalamu. Na Ramazani ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye brigedi, akawaambia, "Huyu ni bokilo yangu. Hajui kitu. Mukimuua, nitalala wapi?"

Bokilo ni shemeji. Aliniita hivyo kwa Kilingala siku zote. Neno "shemeji" alilihifadhi kwa siku ambazo nimemuudhi.

Siku yangu ya kwanza alinivalisha zile kucha za chuma za kupandia nguzo, akanifunga mshipi, akasema panda. Nilipanda kama tumbili, nikitaka waone. Sijafika hata nusu, nikasikia:

"Bokilo, shuka."

"Sijafika juu."

"Ndiyo maana nasema shuka. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Alors, shuka upesi. Weye iko kiziwi, na kiziwi hapana kupanda nguzo yangu."

Wenzake walicheka sana. Nilishuka nikiwa na aibu, nikasimama chini, na Ramazani akanilazimisha nisikilize mtaa. Mtu fulani anatwanga ndizi za lituma. Kwaya inafanya mazoezi. Mtu wa toleka anapiga kengele ya baiskeli. Hakuna redio. Hakuna mashine ya kusaga. Hakuna friji inayonguruma dukani. "Bon," akasema, "sasa unasikia mtaa ambao hauna kura."

Kura ndivyo tunavyouita umeme hapa, kutoka neno courant. Watu wa Dar es Salaam wakisikia tunalalamika kwamba kura imepotea, wanadhani tunazungumzia uchaguzi. Hatuwakatazi.

Ramazani alinifundisha kwamba kabla ya tesita, kabla ya glavu, kabla ya chochote kilichoandikwa kwenye kitabu cha kampuni, fundi ana chombo kimoja ambacho hakiharibiki, nacho ni watoto. Umeme ukirudi baada ya siku nyingi, hakuna mtoto wa Kisangani anayeweza kufunga mdomo. Unaijua ile kelele, inaanza ua mmoja na kukimbia mtaa mzima: "Kura imerudiii!" Ukiwa juu ya nguzo ukaisikia, hata kutoka nyumba moja tu, toa mikono kwenye waya. Usiulize. Huenda ni groupe ya mtu, huenda ni mpumbavu aliyewasha swichi kule kwenye cabine, kibanda cha transfoma. Toa mikono kwanza. Mara mbili ninazokumbuka vizuri, kelele ile iliwaokoa watu wa brigedi yetu. Hakuna chombo cha kampuni ninachoweza kukisifu hivyo.

Kuna siku mvua ya upepo iliangusha mparachichi juu ya laini huko Kabondo. Waya mmoja ulikatika ukalalia kamba ya kuanikia nguo. Tulipofika, mama mmoja alikuwa anatoka na beseni la nguo mbichi, anaiendea kamba ile ile. Mimi nilitaka kupiga kelele "Hatari!" Ramazani alinitangulia. Alipayuka kwa sauti ya muezini: "Weye mama mwizi! Rudisha nguo za watu!"

Mama alisimama pale pale. Akaweka beseni chini, akashika kiuno. "Nani mwizi? Mie? Weye mutu wa nguzo, uzee umekuharibu akili? Mama yako ndiye mwizi!"

"Endelea, mama," Ramazani akamjibu akitembea polepole kumkaribia, "nitukane hapo hapo ulipo, usisogee hata kidogo, na mama yangu umwongeze."

Baadaye aliniambia: ukimwambia mtu hatari, atakimbia, na hujui atakimbilia wapi. Mwanamke wa Kabondo akitukanwa anaacha kila kitu ajibu. Yule mama alituletea ndizi choma mchana, na bado alikuwa anamtukana.

Sasa mambo ya nyumbani mliyoniomba. Mimi sikuyajua. Nilikuwa fundi wa umeme, na mafundi wa umeme ndio watu wapumbavu kuliko wote katika nyumba isiyo na umeme. Aliyenifundisha ni mke wangu, Mama Charlotte. Yeye mawingu yakikunja uso upande wa mto hakimbilii taa, anakimbilia maji. Anajaza mabidoni yote, kwa sababu bomba letu hufuata kura: ikienda asubuhi, jioni bomba linakohoa. Makala, yaani makaa, anayaweka ndani, gunia juu ya matofali, si chini ya ukingo wa paa ambako watu huyaweka halafu wanapika juma zima kwa moshi na matusi. Kiberiti, dawa na vyeti vya watoto, ndani ya kopo lenye kifuniko. Simu zinajazwa chaji halafu zinazimwa zote isipokuwa moja. Mshumaa unasimamishwa ndani ya kopo lenye mchanga, kamwe si juu ya kochi wala karibu na chandarua. Ya samaki ndiyo tuliyogombania sana. Mimi, kwa kuwa nilifanya kazi ya umeme, nilitaka friza kama watu wakubwa. Akaniambia, "Baba, friza ni sanduku la kuozeshea. Samaki wa moshi hajawahi kuuliza kama kura iko."

Waambieni wateja hayo. Waambieni pia wakate matawi yanayoelemea nyumba wakati wa jua, si wakati upepo umeshaanza, na tawi lililogusa waya wasiliguse, watuite. Mawe na matairi waliyoweka juu ya mabati wayateremshe. Bati linashikwa na msumari na kamba, jiwe litashuka kichwani mwa mtu. Wachomoe friji na televisheni kabla ya radi, na kura ikirudi wasichomeke palepale, maana inarudi na hasira, inapanda na kushuka, inachoma vitu. Na groupe ikae nje, mbali na dirisha. Nimewahi kusaidia kutoa nje watu waliolala na groupe jikoni. Hawakuwa maskini wala wajinga. Waliogopa itaibwa.

Lakini wateja hawataki kusikia habari za maji na makala. Wanachouliza ni: televisheni itawakaje? Kwa watu wa mji huu, kujiandaa kwa giza maana yake ni kutafuta njia ya kutokuwa gizani wakati jirani yuko gizani. Na mtu wa kwanza aliyenifundisha hilo alikuwa Chef wangu.

Alikuwa ametumwa kutoka mbali, hakuzoea mvua zetu. Siku ile sebuleni alinipa bia baridi, mimi ambaye kwa miaka yote sikuwahi kupita ukumbi wa mbele wa nyumba yake.

"Norbert," akasema, "msimu ujao wa mvua miye siwezi tena kulala kwenye joto na mbu. Nimenunua groupe. Unaniunganisha."

"Bon, Chef, dawa yake ni inverseur. Swichi ya kuchagua: ama umeme wa mji, ama wa groupe, haviwezi kukutana."

"Inverseur itatoka wapi? Kinshasa? Kwa bateau ya mto? Mvua itangojea bateau?" Akacheka. "Si kuko ile dume-dume? Weye si fundi? Ama nimuite Ramazani?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Mnajua waliniitaje kwenye brigedi? Hawakuniita Norbert. "Bokilo ya Ramazani." Mwaka wa kwanza hilo lilinipa kiburi. Baada ya miaka lilikuwa kama kokoto kiatuni. Nikipanda nguzo ngumu, ni kwa kuwa Ramazani alinifundisha. Nikikosea, Ramazani ataona. Na sasa Chef mwenyewe ameniita mimi. Nilijua hakika kwamba Ramazani akiitwa angekataa, angesema hapana mbele ya televisheni ile kubwa na kurudi kwake kunywa chai. Nilikubali kwa sababu yeye angekataa. Nimegeuza jambo hili kichwani mara nyingi nikitafuta sababu nzuri zaidi, sijaipata.

Nilimwambia Chef, "Kabla ya kuwasha groupe, teremsha disjoncteur. Kila mara." Akasema ndiyo, ndiyo, macho kwenye mpira. Mkewe, Mama Solange, alikuwa anapita na sufuria ya pondu, anaingia na kutoka. Ni yeye aliyekuwa akikaa nyumbani. Ni yeye ambaye angewasha mashine ile. Sikumwita. Niliongea na mwanaume aliyekaa, kama tunavyofanya wote, halafu tunashangaa.

Nikaongeza ushauri ambao hakuniomba. Nilimwambia aijengee groupe kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, kelele isimsumbue. Akafurahi. "Hata watoto nitawaambia wafunge mudomo," akasema. "Mtaa ukijua tuko na kura, watakuja wote na simu zao na samaki zao. Hapa si hospitali."

Nilicheka naye. Kwa kibanda mimi niliondoa kelele ya mashine, na kwa amri yeye akaondoa kelele ya watoto, na tulikuwa tunacheka.

Mvua yenyewe ilikuja mchana, msimu uliofuata. Mnaikumbuka wengine wenu, mlikuwa shuleni. Upepo ulitoka mtoni ukavua mabati kama mtu anayepara samaki magamba. Nguzo zililala. Cabine mbili ziliungua. Majuma yalipita, na kila siku watu walikuja kwenye uzio wa ofisi kututukana, na walikuwa na haki. Tulifanya kazi mtaa kwa mtaa, tukiwa na glavu zilizopasuka na koleo za watu binafsi. Za kampuni zilikuwa zimekwisha, na waliopaswa kuagiza nyingine walikuwa na mikutano.

Chef naye alikuwa na mkutano, Yangambi. Alikuwa huko tulipofika Kabondo, mtaa wake, nguzo iliyo kwenye kona ya ukuta wake.

Waya ulikuwa umekatika upande wa mtaa. Kipande kilichobaki kilitoka kwenye nguzo ile na kuingia nyumbani kwa Chef peke yake. Hilo ni muhimu, mlielewe. Laini ingekuwa nzima, groupe ndogo isingeweza kubeba mtaa wote, ingezimika yenyewe kwa kulemewa. Kipande kifupi namna ile iliweza kukibeba bila taabu. Mimi nilikuwa nimefungua cabine kwa mkono wangu, yaani nimekata umeme wa mji. Ramazani alipanda akaweka tesita: waya umekufa. Akashuka kuchukua vifaa, akauliza:

"Terre iko wapi?"

Aliulizia zile koleo za kufunga waya na ardhi kabla ya kuugusa, ili umeme wowote unaokuja kwa nyuma uishie ardhini usimpite mtu. Seti moja ndiyo iliyofanya kazi katika mji mzima. Ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, na brigedi nyingine.

"Basi tungoje ivuke," akasema.

Simu yangu ikalia. Chef, kutoka Yangambi. "Munangojea nini hapo? Mtaa wote unanipigia. Mke wangu analia samaki zake zinaoza. Mumalize leo!"

Nikamwambia Ramazani. Akatikisa kichwa, akakaa juu ya mzingo wa waya, akatoa chupa yake ya chai ya tangawizi. Manyunyu yalikuwa yanapiga mabati. Mimi nilikuwa nautazama ukuta wa Chef. Niliifikiria kebo. Msidhani nilisahau. Niliifikiria, nikajiambia Chef anajua, nimemwambia, disjoncteur iko chini, na labda hata groupe haina petroli. Kitu kimoja tu nilipaswa kusema: "Bokilo, ndani ya nyumba hii kuna dume-dume." Lakini angeuliza nani aliitengeneza. Angeuliza mbele ya wenzetu, na angeniita shemeji.

Kwa hiyo nilisema, "Cabine iko wazi, nimeifungua miye mwenyewe. Umepima, iko imekufa. Tumalize, bokilo, mvua isije ikazidi."

Aliniamini. Alikuwa mtu wa kusikiliza, akaifunga chupa yake, akapanda. Juu pale alitulia kama kawaida yake, akageuza sikio.

"Unasikia nini?" akaniuliza kwa mzaha wa zamani.

"Mvua tu," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nyuma ya ukuta ule Mama Solange alikuwa anawasha groupe ili aokoe samaki, disjoncteur ikiwa juu. Ilinguruma ndani ya kibanda cha matofali, chini ya mvua, na watoto waliona taa zinawaka wakaziba midomo kwa mikono, kama walivyoamriwa.

Mshipi ulimshika, hakuanguka. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu kile nilichoona juu ya nguzo. Nitaandika kwamba sikuuliza umeme unatoka wapi. Nilikimbia moja kwa moja hadi lango la Chef, nikaingia, nikateremsha disjoncteur bila kuitafuta, na wenzangu waliniona nikikimbia hivyo. Mama Solange alisimama mlangoni na samaki mkononi. "Kuko nini, Papa Norbert? Sema! Kuko nini?"

Chef alirudi kesho yake kwa pikipiki, matope hadi magotini. Hakuhitaji muda mrefu kupata maelezo. Ramazani alipanda bila terre, alisema, tena alikuwa amekunywa. Ramazani! Mtu ambaye hata kwenye arusi alikunywa chai ya tangawizi, mtu aliyefunga Ramadhani juu ya nguzo kwenye jua la saa nane. Hakuna hata mmoja pale ofisini aliyeamini. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Nilitazama viatu vya wanaume wazima kumi na zaidi siku ile, maana hakuna aliyeinua uso, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Matanga yalikuwa uani kwa Yaya Véro. Wazee wa ukoo wa Ramazani walikaa kwenye mkeka. Habari ya ulevi ilikuwa imeshawafikia, na kwa watu wale ilikuwa msiba wa pili, labda mkubwa kuliko wa kwanza. Yaya alinyanyuka kutoka kwa wanawake, akaja akasimama mbele yangu, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Norbert, weye ulikuwa chini ya nguzo. Waambie hawa. Alikunywa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini nikisema hapana, wangeuliza: basi ni nini kilichomuua? Chef alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu, amevaa miwani ya jua.

"Sikuona, Yaya," nikasema. "Nilikuwa natengeneza waya. Sikuona."

Aligeuka, akarudi kukaa na wanawake.

Niliendelea na kazi. Walinipa brigedi, hilo halina haja ya kuelezwa. Chef alihamishwa mji mwingine, kwa furaha yake. Miaka yangu iliyobaki nilikuwa mtu mbaya kufanya naye kazi, mnajua. Niliingia nyumba za watu bila kubisha hodi nikitafuta dume-dume, na kila niliyoiona niliikata kwa koleo vipande vifupi visivyoungika. Walinilaani. Mwalimu mmoja alinililia: "Papa, hii ni ya akiba tu, ya siku kura ikikosa!" Nikamwambia, "Akiba ya nini? Jeneza?" Niligomea nguzo yoyote isiyo na terre, nikaletewa barua za karipio, nikaziwashia makala. Watu wakasema Papa Norbert ana uchungu na kazi. Hawakujua ni nani ninayemkata.

Na ninyi, kwa kuwa mmeomba maneno yangu: najua wawili kati yenu mnatengeneza kebo hizi na kuziuza kila mawingu yakikusanyika. Siwataji. Msiniamkie njiani. Na yule atakayeitwa sebuleni na mkubwa, akakalishwa kwenye kiti cha kitambaa, aseme hapana. Akiona haya kusema hapana, aseme anaumwa tumbo. Akishindwa hata hilo, basi atoke nje apige kelele mtaa mzima kwamba kuna dume-dume ndani ya nyumba ile. Aibu yote ya dunia ni nyepesi.

Nilipostaafu nilivuka kwenda Lubunga. Yaya Véro alihamia huko na watoto baada ya msiba, karibu na reli, analima mihogo. Kwa miaka hiyo yote tulisalimiana kama watu wa soko moja. Nilimkuta anamenya, nikakaa chini bila kukaribishwa, nikamwambia kila kitu tangu bia ile ya baridi. Hakusimamisha kisu.

"Kebo nilijua," akasema nilipomaliza. "Mama Solange alikuja hapa kulia kabla hata ya arobaini. Aliniambia nani alileta. Ile ningekusamehe, Norbert. Mutu anakosea. Ramazani mwenyewe angekupiga kofi, angekupa chai."

"Yaya—"

"Lakini nilikuja mbele ya wazee bila kitambaa kichwani, nikakuomba neno moja. Ukaniambia haukuona. Nilingojea kinywa chako mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilingojea. Sasa umekuja kwa kuwa kazi imekwisha, hakuna tena wa kukufukuza. Bon. Nimesikia. Pirogue ya mwisho ya kuvuka haikawii."

Kiangazi kilichopita, mtoto wao wa mwisho, Salima, aliolewa. Huku kwetu, hata waliobadili dini, binti haolewi bila noko, kaka wa mama yake. Noko ndiye anayekaa kiti cha mbele, ndiye anayepokea mbuzi wake, ndiye anayesema "mchukueni." Mimi ndiye kaka pekee aliyebaki kwa Yaya. Habari za arusi nilizipata kwa kijana wa toleka, siku tatu baadaye, akiniuliza kwa nini hakuniona. Kwenye kiti changu walimkalisha jirani, fundi seremala. Nikikutana na watoto wa Ramazani mjini, wananisalimu kwa adabu. Wananiita Monsieur.

Hiyo ndiyo bei ya ile ndiyo niliyoisema sebuleni. Ilimuua mtu aliyenifundisha kazi, ikanifanya nimwache aitwe mlevi, ikaninyang'anya dada aliyenilea. Nina nyumba, nina afya, nina kiti chenu cha plastiki. Ndugu sina.